Mtoto wa Stesheni ya Isengula

Sehemu ya Kumi na Moja: Udongo wa Kaburi

Treni ilisimama. Najua wiki nzima mmebishana vijiweni kama breki zingeshika au zisingeshika. Zilishika, na waliosema hazitashika wakaombe radhi. Kichwa cha treni kilitulia hatua arobaini tu kutoka mahali ambapo mvua za El Nino zilikuwa zimekula tuta lote la reli. Abiria wakashuka wazima, wengine wakipiga magoti, wengine wakiulizana choo kiko wapi.

Mzee Severini Lyamba alishusha bendera yake nyekundu.

Tangu stesheni ifungwe mwaka tisini na nne, hakuna aliyemtuma asimame pale. Lakini kila Jumanne na kila Ijumaa alisimama, ndani ya koti lake la kazi lililokwisha viwiko, akipungia treni isiyosimama. Watu walisema kachanganyikiwa. Leo huyo aliyechanganyikiwa ndiye aliyeokoa roho za abiria.

Na kwa kuwaokoa wao alijiponza mwenyewe. Maana kutoka behewa la daraja la tatu aliruka kijana mmoja mrefu wa Kisukuma, mikononi ana fimbo ya kuchungia na kamba ya ng'ombe yenye mafundo matatu, akamjia moja kwa moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na safari."

"Hapa panaitwaje?"

"Isengula."

"Palikuwa stesheni?"

"Palikuwa."

Kijana alitazama tangi la maji lililobaki limesimama kwa miguu yake minne, limetoboka kwa kutu. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Tangi lile nalijua," alisema. "Nilichota maji pale nikawapa ng'ombe wetu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Naitwa Mwandu. Siku ile mama yangu aliacha mtoto hapa."

Severini alikunja bendera taratibu, mara moja, mara mbili, mara ya tatu, ili apate mahali pa kuweka macho yake. Neno hili alikuwa analingoja kwa miaka sita. Aliliogopa kuliko simba wa Katavi.

Kwa wale mliojiunga nasi njiani, niwaeleze upesi. Isengula ilijengwa wakati reli ilipopelekwa Mpanda kufuata madini ya risasi. Risasi ikaisha, ikabaki asali, tumbaku na mahindi. Wakaja wakimbizi wa Burundi kwa mabehewa, wakaja Wasukuma na mifugo yao. Wote Isengula iliwapa maji. Kisha ikaja barua yenye muhuri, mistari minne tu, na stesheni ikafa. Wakang'oa kengele, wakang'oa mabati, wakaondoa hata kibao chenye jina. Walichosahau kuondoa ni pointsiman wake, mgeuza njia za treni, Severini.

Masika ya mwaka tisini na mbili, behewa la ng'ombe lilisimama hapo. Mama mmoja akashuka na mtoto wa kike wa miaka mitatu, anawaka moto kwa surua. Dorotea, mke wa Severini, akampokea. Treni ikapiga honi. Ndani ya behewa kulikuwa na mume mkali, kijana wake na ng'ombe arobaini. Dorotea akamwambia yule mama: "Nenda, mwenzangu. Ukimpandisha humu atakufa. Mwache kwangu, utamfuata akipona."

Mama akaenda huku analia. Sasa tuendelee.

"Mayu, mama yangu, hajui kusoma," Mwandu alisema. "Treni ilipoondoka hapa alichukua kamba hii ya kufungia ndama. Kila iliposimama akapiga fundo. Tulisimama mara mbili, ya tatu tukafika Mpanda. Akasema, 'Siku nikirudi nitahesabu hivi hivi kutoka Mpanda. Fundo la tatu ndipo alipo mwanangu.'"

"Mbona hakurudi upesi?"

"Baba alimkataza. Alisema mtoto wa surua aliyeachwa ni wa kuliliwa tu, siyo wa kufuatwa. Tukashuka na mifugo mpaka Mamba. Baba alipofariki, mayu hakungoja hata arobaini iishe. Akapanda treni, akashuka kituo cha tatu, akaambiwa hakuna mtoto. Mwaka uliofuata akarudi. Mara nne ameshuka pale, mzee, mara nne wanamwambia hakuna."

Akashika fundo la kwanza, akashika la pili. Alipofika la tatu, kidole kikasimama.

"Mzee, tangu mfunge hapa, treni inasimama?"

"Haisimami."

"Kwa hiyo kituo cha tatu kutoka Mpanda sasa ni kipi?"

Severini alijibu: "Mabangu."

Mwandu alikaa chini, palepale kwenye kokoto, mtu mzima mwenye mabega mapana. Mama yake hakukosea hesabu hata siku moja. Wakubwa wa reli waliondoa kituo kimoja, na hakuna aliyekumbuka kwamba kuna watu safari zao wanazihesabu kwa mafundo.

"Yuko Mabangu hadi leo," alisema. "Safari hii alikataa kuondoka. Analala sakafuni stesheni na homa, na chakula hataki. Wamenitumia salamu nije nimchukue kabla hajafia huko." Akainua uso. "Mzee, mdogo wangu yuko wapi?"

Neno la kweli lilikuwa fupi. Angenyoosha kidole tu upande wa mabehewa, ambako Monika, mtoto yule aliyepona surua, alikuwa anawagawia abiria maji ya kunywa kwa kikombe cha bati. Lakini alimwona rohoni jinsi anavyolala amekunja magoti, anavyomwita "baba" asubuhi kabla ya kufungua macho. Mke hana, kazi hana, na stesheni ndiyo hiyo haina hata bati. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo msiharakishe kumhukumu.

"Alikufa," Severini alisema.

Kijana aliikunja ile kamba mkononi.

"Ile ile surua. Siku ya tatu tu. Tulijitahidi."

"Nionyeshe kaburi."

Hilo hakulitegemea. Lakini uongo ukiuanzisha unakutuma wenyewe, nawe unakwenda. Alimwongoza nyuma ya stesheni, kwenye kaburi lenye msalaba wa kipande cha taruma la reli. Kaburi la Dorotea.

Mwandu alisimama kichwani pa kaburi, akatembea hadi miguuni, akarudi. Mchungaji hupima kwa macho.

"Ni refu kwa mtoto," alisema.

"Tulichimba hivyo. Fisi walikuwa wengi."

Mwandu akaamini. Nawaambia ukweli, kuamini kwake ndiko kulikomuumiza Severini kuliko kama angetukanwa. Kijana alipiga magoti, akafungua pindo la shuka lake, akaanza kuchota udongo kwa vidole. "Nitampelekea mayu. Aushike kidogo, basi aache kuhangaika." Akasema hivyo, kisha akalia kwa sauti, kilio cha mwanamume ambaye hakutaka kulia mbele ya mtu.

"Baba!"

Severini aligeuka. Monika alikuwa pembeni mwa ukuta, kikombe cha bati mkononi.

"Baba, kwa nini huyu kaka anachota udongo wa mama?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Severini haikufika hata upande wa pili wa kaburi.

Mwandu aliinua kichwa, akamtazama yule mtoto. Hakuhitaji kuuliza jina. Paji la uso lile, macho yale yaliyoachana, hata ile tabia ya kusimama na mguu mmoja juu ya mwingine, vyote vilikuwa vya mama yake aliyelala sakafuni Mabangu. Udongo ukamwagika kutoka kwenye pindo la shuka.

Alisimama na fimbo yake. Akaiinua.

"Nipige," Severini alisema. "Nipige, mwanangu, nimestahili."

Fimbo ilibaki hewani. Mtoto alikuwa amekwisha kumkumbatia mzee kiunoni, anapiga mayowe kwamba asipigwe baba yake. Nani angepiga hapo? Mwandu alishusha mkono.

"Nataka kitu kimoja tu," alisema. "Mara ya kwanza mayu aliposhuka Mabangu, mkubwa wa stesheni alimhurumia. Akapiga simu stesheni za jirani, na huku pia, kuuliza. Akajibiwa hakuna mtoto wa namna hiyo. Stesheni hii ilikuwa imefungwa. Aliyepokea simu ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe!"

"Walikuwa bado hawajaja kung'oa simu. Niliachiwa ufunguo niwe mlinzi." Severini alizungumza akitazama kaburi, wala siyo kijana. "Dorotea nilikuwa nimemzika siku kumi kabla. Simu ikalia. Mwenzangu akaniuliza, 'Hapo kwenu kuna mtoto aliyeachwa na mama wa Kisukuma?' Monika alikuwa amelala hapa, kichwa juu ya goti langu. Nikasema hakuna. Nikaweka simu chini. Nikajiambia kesho nitapiga nimwambie ukweli. Kesho yake nikaogopa. Wiki iliyofuata wakaja mafundi, wakaing'oa."

"Mara nne, mzee. Mara nne mayu amekuja."

"Sikujua kama alirudi."

"Ungejua ungefanyaje?"

Severini aliendelea kutazama kaburi. Nadhani hakujua, na mimi ninayewasimulia sijui pia.

Monika alikuwa ameacha kulia. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mtoto wa miaka tisa si mjinga.

"Huyo mama aliyekuja mara nne," aliuliza polepole, "ni mama wa nani?"

"Ni mama yako," Severini alisema. "Aliyekuzaa. Dorotea alikulea tu, na mimi nimekulea tu."

"Na wewe ulisema sipo?"

"Nilisema haupo."

Monika alimwachia kiuno. Hakumsukuma wala hakumlaumu, alirudi nyuma hatua moja tu, na hatua ile Severini aliisikia hadi kwenye mifupa. Hakuna adhabu ya fimbo inayofika huko.

Wakati huohuo Cletus, gadi wa treni, aliwajia mbio, suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa ametundika simu yake ya safari kwenye waya wa simu za reli akazungumza na Mabangu.

"Mzee Severini, njia imekufa kabisa! Tuta lote limekwenda, reli zinaning'inia. Sisi tunarudi nyuma Mpanda. Mabangu wanaleta kiberenge kukagua upande wa pili."

"Mnarudi?" Mwandu alimkamata mkono. "Na mama yangu yuko Mabangu! Mgonjwa, yule mama anayelala stesheni!"

"Yule Msukuma? Basi subiri." Cletus alikuna kichwa. "Wamesema Enoka wa kiberenge anamleta. Hali yake siyo nzuri. Wanataka tumpokee tumfikishe hospitali Mpanda. Lakini tutampokeaje? Hapo katikati kuna mto."

Walikimbia wote wanne hadi ukingoni.

Mahali palipokuwa na tuta palikuwa na maji mekundu yanayokwenda kasi, yamebeba miti mizima. Juu yake reli mbili zilikuwa zinaning'inia, mataruma yameshikilia katikati, mfano wa ngazi iliyolazwa. Urefu wake ulikuwa hatua thelathini hivi. Na upande wa pili, kiberenge, kigari cha mafundi wa njia, kilikuwa ndiyo kwanza kinafunga breki.

Enoka aliruka chini. Nyuma yake, juu ya magunia, alilala mtu aliyefunikwa kanga.

"Anapumua!" Enoka alipiga kelele. "Lakini fanyeni haraka! Nimembeba mpaka hapa, siwezi kumpitisha juu ya hayo, atanianguka!"

"Nakwenda mimi," Mwandu alisema, akakanyaga taruma la kwanza. Reli ikalia, ikazama shibiri nzima. Cletus alimvuta nyuma kwa shuka.

"Una uzito wa dume la ng'ombe, wewe! Utaangusha zote!"

Mwandu alisimama pale akimwangalia mama yake kwa mbali.

Severini alikuwa amekwisha kuvua koti. Alikuwa mwembamba, mkavu, na kwa miaka ishirini na tisa alitembea juu ya mataruma ya njia ile hata pasipo kuangalia miguu.

"Mimi nitapita," alisema. "Lakini kumleta huku siwezi. Naweza kumpeleka mtoto kwake."

"Umtie nani mgongoni?" Mwandu alifoka. "Wewe? Mdogo wangu umemuua mara moja leo kwa mdomo wako!"

"Ni kweli."

"Akianguka?"

"Tutaanguka wawili."

Maji yalichukua pande jingine la tuta, likadondoka kwa mshindo. Ng'ambo, kile kilichofunikwa kanga kilijisogeza. Mkono ukatoka, mkono mwembamba, ukawa unapapasa hewani.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini siku ile hata Mwandu aliyekuwa kijana aliujua. Alimgeukia Monika. "Unataka?"

Monika alitazama maji. Alitazama ule mkono. Kisha, bila kumwangalia Severini usoni, alimzunguka nyuma akampanda mgongoni kama alivyokuwa akimpanda tangu mdogo. Mwandu akawafunga wawili pamoja kwa ile kamba ya ndama, kwa kuikaza sana, meno yameumana.

Severini alikanyaga taruma la kwanza. La pili. Chini maji yalikuwa yananguruma. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, ili mtoto asikie sauti ya mtu.

"Baba," Monika alisema sikioni mwake walipofika katikati. Bado alimwita hivyo. "Yule mama nikifika nimwambie nini?"

"Mwamkie. Mwite mama."

"Hatanikasirikia?"

"Wewe? Hapana. Wewe hatakukasirikia."

Taruma moja lilichomoka chini ya mguu wake, likaenda na maji. Abiria wote ukingoni walipiga yowe. Severini aliyumba, akashika reli kwa mkono, akabaki ameinama huku jasho linamdondoka puani. Hakuhesabu tena. Alipita yaliyobaki kwa magoti, moja moja, mpaka mkono wa Enoka ulipomkamata ukosi wa shati na kumvuta kwenye nchi kavu.

Kamba ikafunguliwa. Monika alisimama mbele ya kiberenge.

"Shikamoo, mama."

Yule mama alifumbua macho. Hakupiga kelele, wala hakulia. Alimshika mtoto masikio, akamshika shingo, akamgeuza, akainua gauni kidogo akaangalia alama ya kuungua chini ya goti, alama ambayo haijui mwingine ila aliyekuwepo siku chungu kilipomwagika. Alipoiona akamvuta kifuani, akamnusa kichwani kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Enoka aligeukia porini akajifanya anakagua reli.

Kisha mama akamtafuta Severini.

"Baba," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi ainame. "We ndo wa stesheni?"

"Ni mimi, mama."

"Mwenzio yuko wapi, yule mama?"

"Alitangulia. Mwaka wa nne sasa."

"Oo." Machozi yalimtoka sasa, kwa ajili ya Dorotea. "Walisema hakuna mtoto. Wote walisema. Kumbe nyie mlikuwa mnanitunzia. Mungu awape."

Severini alitaka kusema. Ng'ambo Mwandu alikuwa anapiga kelele kitu, mikono juu, lakini maji yalikuwa yanakula maneno yote.

Mama alimkamata kidole. Ngozi yake ilikuwa ya moto, na pumzi ilikuwa inakuja kwa kukatika.

"Mwandu hana mke, ni mtu wa porini na ng'ombe. Mtoto wa kike hatamweza. Mimi hapa ndo nimefika, najijua." Alipumzika kidogo, akaanza upya. "Uliyenitunzia miaka sita, nitunzie tena. Wewe tu ndo naamini. Sema ndiyo, baba. Niisikie, nilale."

Akisema ndiyo, amemdanganya mara ya pili, tena uso kwa uso. Akisema ukweli, mama huyu atakufa akijua kwamba mkono alioushika ndio ulioweka simu chini.

"Sema, baba," mama alinong'ona.

Monika aliinua kichwa kutoka kifuani mwa mama yake. Alikuwa anamtazama Severini mdomoni.